Kambi na Kambi: Mtoto wa Mgao Afundishwe Roketi?

Tuanze na swali lenyewe, tusizunguke. Mfadhili akija na pesa za kuwaweka vijana wetu wiki mbili kwenye kambi ya mafunzo ya anga, wajifunze roketi inavyoruka, setilaiti inavyopiga picha, chombo cha mizigo kinavyofika juu bila dereva, na mwezi huohuo mgao wa chakula umekatwa, je, tumpokee? Au tumwambie, asante bwana, lakini hizo pesa kanunue mahindi?

Naliuliza nikiwa Lunyo, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Hapa ni kwa Wasamia, watu ambao mpaka uliwakata katikati, shangazi akabaki Kenya na mjomba akawa Mganda. Malori ya mizigo kutoka Mombasa huingia Uganda kwa Busia na Malaba, na mengine yamebeba hicho chakula ambacho wewe msomaji unakipangia foleni. Tororo siyo mbali, na kule Mulanda ndiko walikopokelewa Wakenya waliokimbia vurugu za uchaguzi mwanzoni mwa mwaka 2008, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Kwa hiyo hata aliye mwenyeji hapa anajua kuwa ukimbizi ni jambo la zamu.

Swali hili nimelisikia likijibiwa kwa namna mbili. Mama mmoja mzee, Mkongo, aliambiwa habari za roketi akauliza, "Na hiyo inapikwa na mboga gani?" Watu wakacheka. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Mama, kushona tulifundishwa, cherehani iko wapi? Sabuni tulifundishwa, mtaji uko wapi? Kama ni kufundishwa bila kitu mkononi, si bora tufundishwe nyota?" Wakacheka tena. Lakini hao wawili hawakuwa wanatania, na mimi nadhani kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Tumsikilize mama kwanza, maana ndiye anayepika. Mwezi wa nne 2020, WFP ilishusha mgao wa wakimbizi Uganda hadi asilimia 70. Mwezi wa pili 2021 ukashuka hadi 60. Mwaka 2023 tukagawanywa makundi kwa kipimo cha udhaifu, wengine wakapata zaidi kidogo, wengine nusu ya hapo, wengine wakaambiwa mnajiweza, hamna kitu. Mama huyu hachukii elimu. Anachosema ni kwamba tumbo lina haki ya kwanza, na kwamba anayezungumza habari za nyota mbele ya mtoto mwenye njaa huenda amekula. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hoja yake si ngeni. Mwaka 1970 sista mmoja Mkatoliki, Mary Jucunda, aliyekuwa akihudumia watoto wenye njaa Kabwe, Zambia, alimwandikia barua Ernst Stuhlinger, mwanasayansi mkubwa wa NASA. Akamuuliza, mnawezaje kutaka mabilioni ya dola kwa safari ya sayari ya Mars na huku watoto wanakufa njaa? Stuhlinger akamjibu kwa barua ndefu ya heshima. Ndani yake kuna kisa cha tajiri mmoja wa Ujerumani, miaka kama 400 iliyopita, aliyewasaidia maskini wa mji wake. Siku moja akakutana na mtu aliyesugua vioo vidogo ili kuona vitu vidogo sana. Tajiri akamchukua nyumbani kwake, akamlipa. Watu wakanung'unika: sisi tunakufa na tauni, yeye analipa mtu wa kucheza na vioo! Tajiri akashikilia msimamo wake, na kazi ya aina ile ndiyo iliyokuja kuzaa hadubini, ambayo imeokoa wagonjwa wengi kuliko sadaka zote za tajiri.

Jibu lile ni zuri, na mengi aliyoahidi yametimia. Leo setilaiti zinaonyesha mvua kabla haijanyesha na ukame kabla haujaua ng'ombe. Lakini ukikisoma kisa kile ukiwa umeketi upande wetu wa meza, kuna kitu kinakosekana. Watu wa mjini wanaonekana mara mbili tu, wanapopokea sadaka na wanaponung'unika. Hakuna aliyewauliza chochote. Na halipo hata swali moja kama mtoto wa yule mgonjwa wa tauni angeweza kukaa karibu na yule fundi, ajifunze kusugua kioo. Tajiri aliamua nani ale na nani asugue. Tuliambiwa tuvumilie, faida itatushukia. Sista aliuliza habari ya pesa, akajibiwa habari ya pesa. Swali la nani anakaa kwenye kiti cha kuamua halikuguswa.

Hapo ndipo nalitazama neno letu hili, kambi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mengi. Kuna kambi ya wakimbizi. Kuna kambi ya jeshi, kambi ya wachezaji mpira, kambi ya vijana wa kanisa. Kwa anga pia kuna kambi. Ile maarufu iko Huntsville, Alabama, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1982, na watoto hulipiwa kukaa humo siku kadhaa wakizungushwa kwenye viti na kuigiza safari ya roketi. Wazo lake husemwa lilitoka kwa Wernher von Braun, bosi wa Stuhlinger, baba wa roketi iliyofikisha watu mwezini. Lakini huyo von Braun, wakati wa vita kuu ya pili, alitengeneza roketi za V-2 kwa ajili ya Hitler, na roketi hizo ziliundwa kiwandani na wafungwa waliotoka kambi ya Dora. Maelfu yao walikufa kwa njaa, kipigo na kuchoka. Hiyo nayo ilikuwa kambi. Roketi zilitoka kwenye jasho la watu ambao majina yao hayako kwenye chombo chochote.

Kwa hiyo kambi peke yake si nzuri wala mbaya. Uulize kwanza, aliyemo ndani ameingia kama nani? Mtoto wa Huntsville huingia kama mwanafunzi, anatoka na kofia na picha. Mfungwa wa Dora aliingia kama kifaa. Na sisi? Sisi tumewekwa mahali fulani katikati: hatupigwi, lakini hatuulizwi.

Afrika nayo ilishapata kambi yake ya anga kwa vijana, na haikuletwa na mfadhili. Mwaka 1964, Zambia ikikaribia uhuru, mwalimu Edward Makuka Nkoloso, aliyekuwa mwanajeshi kwenye vita kuu na baadaye mpigania uhuru aliyefungwa na wakoloni, aliendesha mafunzo nje ya Lusaka. Aliwaingiza vijana kwenye pipa la mafuta na kuliviringisha mlimani ili wazoee kizunguzungu. Akaomba UNESCO pauni milioni 7, hakupewa. Waandishi wa Ulaya walikuja kumcheka, na mpaka leo kicheko hicho kinazunguka. Wapo wanaosema Nkoloso mwenyewe alikuwa akiwacheka wao, kwamba ilikuwa siasa iliyovaa helmeti. Sijui moyoni mwake. Lakini fikiria: mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba yeye ni wa kubeba, anawaambia vijana wake kuwa wanaweza kurushwa kama waongozaji. Pipa lilikuwa lilelile la mafuta. Kilichobadilika ni jina la aliyekaa ndani.

Na hapo hapo tujifunze tahadhari. Katika wanafunzi wale alikuwapo msichana wa miaka kama 17, Matha Mwamba, aliyetajwa kwenye magazeti kama mwanamke wa kwanza wa Afrika atakayekwenda Mars. Alipata mimba, wazazi wakamrudisha nyumbani, hadithi yake ikaishia hapo. Wakubwa walimpa sayari nzima, hawakumpa ulinzi wa kawaida ambao msichana yeyote anauhitaji akiwa kambini. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa wananielewa vizuri.

Sasa tuje kwenye chombo cha mizigo, kwa sababu ndicho kinachotuhusu kuliko tunavyodhani. Kituo cha kimataifa cha anga kinazunguka juu yetu kama kilomita 400, karibu umbali uleule wa basi la kutoka Busia kwenda Nairobi. Wanaoishi kule hawalimi. Chakula, maji ya kuongezea, nguo, dawa, vyote huletwa na vyombo visivyo na mtu ndani. Warusi walianza kazi hiyo mwaka 1978 kwa chombo chao Progress, kikipeleka mizigo kwenye kituo cha wakati ule, Salyut 6. Wamarekani nao wana Cygnus na Dragon. Kwa kifupi, wale mashujaa tunaowaona kwenye televisheni wanaishi kwa mgao! Lori lao linaruka, tofauti ni hiyo tu.

Na mgao wao pia hukatika. Tarehe 28 Oktoba 2014 roketi iliyobeba Cygnus ililipuka sekunde chache baada ya kuruka. Aprili 2015 Progress moja ikapotea. Juni 28 mwaka huo Dragon ikasambaratika angani. Malori matatu ndani ya miezi minane. Je, watu wa juu walilala njaa? Hapana. Ilikuwapo akiba ya miezi kadhaa, kwa sababu walioupanga mpango walijua tangu mwanzo kwamba roketi huanguka, na waliona aibu kumtegemeza binadamu kwenye lori moja. Hakuna aliyewaambia wanaanga kuwa ni wavivu, wamezoea kupewa. Hakuna aliyewagawa makundi.

Nasema hivi si kwa kijicho. Nataka kuonyesha kwamba kutegemea mgao hakumwondolei mtu heshima. Mwanaanga anategemea kuliko mimi. Mimi nikikosa kabisa nitachuma mboga porini, yeye hata hewa anatengenezewa na mashine. Kinachompa heshima ni kwamba anajua mzigo unakuja lini na una nini, anaongea kila siku na walioupakia, na ana kazi ambayo dunia inaisubiri. Sisi tunapata taarifa ubaoni, asubuhi ya siku yenyewe.

Ndani ya vyombo hivyo vya mizigo hupanda pia vitu vya kwetu. Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa kutoka kituoni baada ya kupelekwa na Dragon mwezi wa nne. Tarehe 7 Novemba 2022 ikawa zamu ya Uganda. PearlAfricaSat-1, sanduku la sentimita kumi kila upande, unalishika kwa kiganja, iliruka kutoka Virginia ndani ya Cygnus pamoja na setilaiti ya Zimbabwe. Paneli moja kati ya mbili za jua za chombo hicho ilikataa kufunguka. Kikafika hivyohivyo, na Desemba 2 setilaiti ikaachiwa. Vijana watatu wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, ndio waliofanya kazi hiyo baada ya kusomea Japani, kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu.

Kumbuka na jambo hili: mizigo ikishashushwa, Cygnus hujazwa takataka, huachiwa, huungua hewani. Hakuna anayelia, kwa sababu ni chombo, kimefanya kazi yake. Hivyo ndivyo vitu vinavyotendewa, na ni sawa kabisa. Kosa linakuja pale mtu anapotendewa hivyo: anapakiwa, anaandikwa kwenye orodha, anashushwa, anahesabiwa, na mradi ukiisha anaachwa. Mtu si mzigo. Wengi wetu tulifika hapa juu ya lori na tunajua sentensi hiyo kwa mgongo.

Kwa hiyo namrudia yule kijana na swali lake la nyota. Nadhani alichokuwa akikitaka si nyota. Alikuwa akiomba kuhama kutoka orodha ya mizigo kwenda orodha ya wafanyakazi wa chombo. Tayari anga inatuhusu bila sisi kuulizwa. Setilaiti hupiga picha makazi yetu kutoka juu, na wataalamu huhesabu mapaa ya nyumba zetu wakiwa Geneva. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, pete ya chuma ya kama kilo 500 ilianguka kutoka mbinguni, kipande cha roketi ya watu wengine. Na nyie Wakongo wa Katanga, waulizeni wazee: miaka ya 1970 Mobutu aliipa kampuni ya Kijerumani, OTRAG, haki juu ya eneo la kama kilomita za mraba 100,000 huko Shaba. Wakarusha roketi kuanzia Mei 1977, moja ikaanguka mbele ya Mobutu mwenyewe mwaka 1978, na mwaka uliofuata wakafunga virago. Wenye vijiji vile hawakuwa mezani. Asiyejua anga hutazamwa, huangukiwa, na ardhi yake husainiwa. Anayejua angalau anaweza kuuliza: picha hii mmepiga ya nini, ameiona nani, na mbona haionyeshi kisima kilichokauka?

Tena mahali petu siyo pabaya kwa jambo hili. Tuko karibu na ikweta, na hapa ardhi inazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa ikwetani inapewa kasi hiyo bure. Ndiyo maana Waitaliano walijenga jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei. Kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Kasi hiyo ndiyo mgao pekee ambao haujawahi kukatwa.

Lakini lipo pingamizi zito kuliko la mama, na silikwepi. Linasema: mnampa kijana hamu, hamumpi mlango. Atafundishwa, atapewa cheti, kisha atarudi kwenye hema. Hana pasipoti, chuo kinataka ada ya mgeni, kazi za serikali zinataka raia. Matumaini yasiyo na njia ni ukatili unaotabasamu. Hoja hii inauma kwa sababu ni kweli kwa mafunzo mengi tuliyopewa.

Majibu yangu ni mawili. Kwanza, mlango wenyewe haumlindi mtu kama tunavyofikiri. Muhammed Faris wa Syria alifika anga Julai 1987. Mwaka 2012 alikimbilia Uturuki na familia yake, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 2024. Abdul Ahad Mohmand wa Afghanistan aliruka Agosti 1988, kisha vita ikamtupa Ujerumani. Watu wawili walioiona dunia nzima haina mpaka, na mpaka ukawafika. Basi mkimbizi siyo aina ya mtu, ni jambo linalompata mtu, hata aliyetoka mbinguni. Na walichokijua hakuna askari wa mpakani aliyeweza kukitoa mfukoni mwao.

Pili, kwa kuwa mlango ni mwembamba, anayefundisha anawiwa ukweli. Hapo ndipo natoa jibu langu: ndiyo, tumpokee mfadhili, lakini kwa masharti yetu. Pesa zisitoke kwenye chungu. Kama ni kuchagua kati ya mahindi ya mwezi huu na kambi ya anga, mama ameshinda, na asiwepo wa kumwona mshamba. Ila mara nyingi pesa hizo hazikuwa za mahindi tangu mwanzo, na kutulazimisha tuchague ni mchezo wa kutugombanisha. Vijana wa kambi wasome pamoja na vijana wenyeji, wa Lunyo na kwingine, maana mtoto wa mvuvi hapa naye hajawahi kushika darubini. Wasichana walindwe kwa kanuni zinazojulikana na mtu anayewajibika kwa jina. Siku ya kwanza vijana waambiwe wazi nini kinawezekana baada ya hapo na nini hakiwezekani. Na ratiba iwe na saa ambayo wanafunzi wanauliza na waliopanga wanajibu, pamoja na swali la bajeti.

Yule mama nitamwambia hivi: mama, roketi haipikwi, ni kweli, na sufuria yako itetewe kwanza. Lakini mjukuu wako akijua jinsi watu wa juu wanavyopangiwa akiba ya miezi, siku moja atasimama kwenye mkutano na kuuliza kwa nini wewe huna akiba hata ya wiki mbili. Swali hilo litakufikia sufuriani.

Na wewe mfanyakazi wa shirika, wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo huwa mnaipenda kwenye warsha za kujitegemea. Siku ya tatu ilipita zamani, wengine wetu tuko mwaka wa ishirini na kitu. Jembe tunalitaka. Ila nani alisema lazima liwe la kulimia peke yake, na nani alisema lazima mtuchagulie nyinyi?